Jinsi ya kuchunguza vivimbe vya utumbo kwa panya wa Min, kuanzia mkiani hadi kwenye darubini

Mwaka 1990, Amy Moser, Henry Pitot na William Dove wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Marekani, walitangaza panya wa ajabu. Akikua, miguu yake ilikuwa ikipauka kwa kukosa damu, na walipompasua walikuta utumbo umejaa vivimbe. Ukoo wake ulianzia kwa dume aliyedungwa ethili-nitroso-urea, kemikali inayovuruga vinasaba kwenye mbegu za kiume. Wakamwita Min, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vivimbe vingi vya utumbo, na jina hilo limebaki hadi leo. Miaka miwili baadaye ilibainika kwamba kilichoharibika ni jeni ya Apc, ambayo kwa binadamu huleta ugonjwa wa kurithi unaojaza utumbo mpana mamia ya vivimbe na kuishia kwenye saratani.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kiswahili humwita "panya" yule mdogo wa gramu 25 na yule mkubwa wa stoo, na wengine wakisikia "panya wa utafiti" huwaza panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu na kifua kikuu. Hapa namzungumzia yule mdogo wa maabara, mweusi, wa ukoo wa C57BL/6, ambao wenyewe tunauita B6.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara anayekabidhiwa panya hawa kwa mara ya kwanza na kuambiwa: "Angalia kama jeni yetu inaongeza au inapunguza vivimbe." Kuhesabu vivimbe anaweza kujifunza mtu yeyote kwa wiki moja. Kazi ni kujua kama hesabu imebadilika kwa sababu ya jeni yako, au kwa sababu ya kitu kingine ambacho panya alizaliwa nacho nawe hukukiona.

Hatua ya 1: Chora njia ya ishara kabla ya kugusa panya

Chukua karatasi. Upande wa juu chora utando wa seli, katikati kikosi cha ubomoaji, chini kiini cha seli.

Protini ya kufuatilia ni beta-katenini. Seli iliyotulia huitengeneza na kuibomoa mfululizo. Mbomoaji si mmoja. Aksini ndiyo jukwaa ambalo wengine husimama juu yake, APC, protini inayotokana na jeni ya Apc, husaidia kuishika beta-katenini, kisha kimeng'enya CK1 huitia alama ya fosfeti kwenye serini ya 45. GSK3 hufuata na kuongeza alama kwenye nafasi ya 41, 37 na 33. Protini iitwayo beta-TrCP huzisoma alama hizo, beta-katenini hubandikwa ubikwitini, na safari yake huishia kwenye proteasomu, mashine ya kusaga protini.

Seli ikipokea ishara ya Wnt kupitia vipokezi vyake viwili, Frizzled na LRP, Aksini huvutwa hadi kwenye utando na kikosi husambaratika. Beta-katenini hujaa, huingia kwenye kiini, huungana na TCF4, na huwasha jeni kama Myc, Axin2, Lgr5 na Cd44. Seli inaambiwa igawanyike. Chini ya vishimo vya utumbo hiyo ni kazi ya kila siku, maana ngozi ya ndani ya utumbo wa panya hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Wataalamu wa Uholanzi walionyesha jambo hilo kwa namna ya kikatili mwaka 1998: panya waliozaliwa bila TCF4 walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, utumbo wao mwembamba ukiwa hauna sehemu ya seli zinazogawanyika.

Mimi huwaeleza wanafunzi hivi. APC ni mlinzi wa geti. Wnt ni bosi anayempigia simu kumwambia, "Fungua kidogo, wageni wapite." Simu ikikatwa, mlinzi hufunga. Panya wa Min ana nakala mbili za Apc, moja nzima na moja iliyokatika. Seli ikiipoteza ile nzima, mlinzi amekufa, na geti liko wazi hata kama bosi hajapiga simu. Weka picha hii akilini, tutaihitaji kwenye hatua ya 8.

Sasa weka jeni yako kwenye mchoro. Iko juu ya mlinzi, iko pamoja naye, au iko chini yake? Au haiko kabisa kwenye njia hii? Kama hujui, andika "sijui" na kalamu ya risasi. Hilo ndilo swali lako la utafiti.

Hatua ya 2: Chagua panya anayelingana na swali

Min ni mzuri kwa swali la idadi: je, jeni yangu hubadilisha uwezekano wa vivimbe kuanza au kukua? Kovu lake, yaani kasoro kwenye Apc, ni herufi moja tu ya vinasaba. Kwenye kodoni ya 850, TTG ya lusini imegeuka TAG, yaani amri ya kusimama. Protini ya zaidi ya asidi amino 2,800 inakatika kabla hata ya theluthi ya kwanza kuisha, na sehemu za kushika beta-katenini na Aksini, ambazo ziko mbele, zinapotea.

Kama swali lako ni seli gani huanzisha kivimbe, au nini hutokea saa za mwanzo baada ya Apc kupotea, Min hatakufaa, kwa sababu seli zake hupoteza nakala ya pili kwa bahati, kila moja kwa wakati wake. Hapo tumia panya ambaye Apc yake imezungushiwa alama za kukatia, pamoja na kimeng'enya Cre, kinachokata kwenye alama hizo kikiamshwa kwa dawa ya tamoksifeni. Cre inayoendeshwa na Vilini, jeni ya seli za utumbo, hukata karibu ngozi yote ya ndani ya utumbo, na baada ya siku 4 au 5 vishimo huwa vimerefuka na kujaa seli zinazogawanyika, naye panya mgonjwa. Cre ya Lgr5 hukata kwenye seli shina peke yake, zile za chini ya kishimo zinazozaa seli nyingine zote. Kwa njia hiyo kundi la Hans Clevers lilionyesha mwaka 2009 kwamba Apc ikipotea kwenye seli shina, vivimbe vinavyoonekana kwa macho hutokea ndani ya wiki 3 hadi 5. Ikipotea kwenye seli zilizokwisha kuanza kupanda kutoka kwenye kishimo, vidoa vidogo hutokea lakini karibu vyote hudumaa, vivimbe vikubwa vikiwa nadra sana hata baada ya wiki 30.

Hatua ya 3: Linda ukoo

Hapa nitakaa, maana ndipo kazi nyingi huharibika.

Panya wa Min kwenye ukoo halisi wa B6 alitoa wastani wa vivimbe karibu 30 katika maabara ya Madison. Walipomzalisha na panya wa ukoo wa AKR, watoto wenye Min ileile, kovu lilelile kwenye Apc, walipata takriban 6. Hakuna dawa waliyopewa wala chakula kilichobadilishwa. Kilichobadilika ni ukoo wa mzazi mmoja.

Mwaka 1993 sababu kubwa ya tofauti hiyo ilifuatiliwa hadi kromosomu ya 4 na mahali pale pakaitwa Mom1. Mwaka 1995 jeni ya Pla2g2a ikashukiwa: B6 wote wana nakala mbovu, AKR wana nzima. Mwaka 1997 panya wa B6 walipachikwa nakala nzima na vivimbe vikapungua. Kwa hiyo ukoo ambao dunia nzima huutumia kama "wa kawaida" una kilema cha kuzaliwa kinachoongeza vivimbe.

Sasa fikiria umemzalisha Min na panya asiye na jeni yako, lakini huyo wa pili alitengenezwa kwenye ukoo mwingine na hajarudishwa B6 vya kutosha, yaani hajazalishwa na B6 kizazi baada ya kizazi mpaka ukoo wa zamani uishe. Ukipata vivimbe vichache, utashangilia jeni yako, kumbe ni Mom1 au ndugu zake, na wako kadhaa. Fanya hivi:

Mrudishe panya wako kwa B6 vizazi 10 kabla ya kumkutanisha na Min. Ndiyo, ni zaidi ya miaka miwili. Vipimo vya alama za vinasaba vilivyotawanywa kwenye kromosomu zote hukusaidia kuchagua watoto waliokwisha kukaribia B6, na muda hupungua hadi karibu nusu.

Linganisha ndugu wa uzao mmoja tu. Panya wa Min asiye na badiliko lako lazima awe kaka au dada wa yule mwenye badiliko, waliokua kwenye kizimba kimoja na kula chakula kimoja. Kundi la kulinganisha lililonunuliwa dukani mwezi uliofuata si kundi la kulinganisha.

Tazama jirani. Apc iko kwenye kromosomu ya 18 ya panya. Kama jeni yako nayo iko huko, zitarithiwa pamoja mara nyingi na hesabu zako za urithi zitapinda. Jambo hilohilo, ukilijua mapema, ni silaha. Smad4 ni jirani wa Apc kwenye kromosomu ya 18. Mwaka 1998 kundi la Makoto Taketo wa Japani liliweka makovu ya zote mbili kwenye kromosomu moja. Seli ilipoitupa kromosomu ile nyingine, ilipoteza Apc na Smad4 kwa pigo moja, na vivimbe vilivyokuwa vya upole vikaanza kupenya ukuta wa utumbo. Smad4 hupitisha ishara za TGF-beta, njia nyingine kabisa na ile ya Wnt, kwa hiyo walijifunza kwamba kuanza kwa kivimbe na kupenya kwake ni mambo mawili yenye milango miwili tofauti.

Kuhusu uzalishaji wenyewe: tumia dume wa Min kwa jike wa kawaida. Jike wa Min huishiwa damu, na mimba juu ya hilo ni mzigo kwake na kwa watoto. Usisubiri dume azeeke, maana wengi hawafiki mbali zaidi ya miezi minne au mitano.

Hatua ya 4: Soma jeni mkiani

Wakiwa na umri wa wiki tatu, watoto huachishwa ziwa na huchukuliwa kipande kidogo cha sikio au ncha ya mkia. Toa vinasaba, kisha tumia PCR, mbinu ya kurudufisha kipande cha vinasaba, yenye vianzishi vitatu: kimoja cha pamoja, kimoja cha nakala nzima na kimoja cha Min. Kwa kuwa tofauti ni herufi moja, joto la kunata likishuka kidogo tu kianzishi cha Min kitang'ang'ania nakala nzima na kila panya ataonekana mgonjwa. Kila mara weka sampuli ya panya unayemjua ni Min, ya unayemjua si Min, na ya maji matupu.

Nusu ya watoto watakuwa Min. Wenye nakala mbili mbovu hawazaliwi, wanakufa tumboni mapema sana. Ukiona umepata "Min wa pande zote mbili" aliye hai, usiandike makala. Rudia PCR.

Hatua ya 5: Wachunge walio hai

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kinatangulia yote haya, na ndani yake lazima kiwe kimeandikwa lini panya anapumzishwa. Kwa Min dalili ni nyayo na masikio kupauka, kinyesi chenye damu, mgongo kujikunja, uzito kushuka. Wapime mara mbili kwa wiki baada ya siku ya 80. Panya anayekutwa amekufa asubuhi ni mateso yaliyopita bure, na utumbo wake umeshaoza kiasi kwamba hausomeki.

Chagua siku moja ya kuwapumzisha wote, kati ya siku ya 90 na 120, na usiisogeze. Chakula kiwe cha aina moja tangu mwanzo, kwani chakula chenye mafuta mengi huweza kuongeza vivimbe.

Hatua ya 6: Toa utumbo, uhesabu bila kujua ni wa nani

Kata utumbo mwembamba vipande vitatu vinavyolingana, na utumbo mpana uwe wa nne. Osha ndani kwa maji baridi ya chumvi ya bafa, pasua kwa urefu kwa mkasi wenye ncha butu, utandaze ukiwa umefunguka kwenye karatasi ya kuchujia. Fanya haraka, maana seli za utumbo huanza kujibomoa ndani ya dakika chache. Fomalini usiku kucha, kisha rangi ya bluu ya methileni kidogo ili vivimbe vijitokeze.

Hesabu kwa darubini ya kupasulia. Weka kikomo cha chini, kwa mfano nusu milimita, ukiandike, na upime kipenyo cha kila kivimbe. Idadi na ukubwa ni habari mbili. Badiliko linalopunguza idadi linagusa kuanza kwa vivimbe, na linalopunguza ukubwa peke yake linagusa kukua. Ukijumlisha kila kitu kuwa "mzigo wa vivimbe" umejinyima jibu.

Kuna tezi ndogo za kinga kwenye ukuta wa utumbo ambazo kwa mgeni hufanana kabisa na vivimbe bapa. Kila anayeanza huzihesabu. Mara ya kwanza niliporudia utumbo uleule siku mbili tofauti, sikupata idadi moja, na nusu ya tofauti ilikuwa tezi hizo. Dawa ni kumwomba mwenzako abandike namba kwenye sampuli na kuficha orodha mpaka umalize, na watu wawili wahesabu.

Vipande vya kupelekwa kwenye nta vikunjwe kama mkeka, kuanzia mwisho kuelekea tumboni, ngozi ya ndani ikiwa imeangalia juu. Kipande kimoja cha nta hapo kitakuonyesha utumbo mzima, vishimo kwa vivimbe.

Hatua ya 7: Weka rangi ya beta-katenini na uitilie shaka

Kingamwili ya beta-katenini ni rahisi kununua na rahisi kudanganya. Ukichemsha kipande kupita kiasi, viini vyote vitaonekana kahawia. Hukumu isitoke kwenye kivimbe, itoke kwenye utumbo usio na kivimbe ulio pembeni yake. Kwenye vidole vinavyonyonya chakula, rangi iwe kando ya seli tu, kama mstari wa wino. Kwenye seli za Paneth, walinzi wa seli shina chini ya kishimo, viini viwe vimeshika rangi. Mambo hayo mawili yakitimia kwenye kipande hichohicho, ndipo uangalie kivimbe. Yasipotimia, tupa na uanze upya.

Ki67 itakuonyesha zinazogawanyika, laisozaimu itakuonyesha Paneth, ambazo kwenye vivimbe vya Apc mara nyingi huwa zimetangatanga mahali pasipo pake. Na kama unataka kujua kama seli ilikwisha poteza nakala nzima ya Apc, kata kivimbe chenyewe chini ya darubini kabla ya kutoa vinasaba. Ukichukua bonge zima utachukua pia mishipa ya damu na seli za kinga, zenye nakala nzima, na PCR itakuambia hakuna kilichopotea.

Hatua ya 8: Uliza nani yuko juu ya nani

Rudi kwa mlinzi na bosi. Kama jeni yako iko juu ya APC, yaani ni ya simu ya bosi, basi kuiondoa hakupaswi kuvizuia vivimbe vya Min. Mlinzi akishakufa, kukata simu hakufungi geti. Kama kuiondoa kunavizuia, iko chini ya mlinzi, au iko kwenye njia nyingine ambayo kivimbe kinaihitaji.

Mfano wa chini: mwaka 2007 kundi la Owen Sansom kule Glasgow liliondoa Apc na Myc kwa pamoja. Beta-katenini iliendelea kujaa kwenye viini kama kawaida, lakini vishimo vilibaki karibu kama vya panya mzima. Geti wazi, wageni hawakuja. Mfano wa njia nyingine: mwaka 1996 Taketo na wenzake waliondoa jeni ya COX-2, kimeng'enya cha uchochezi, kwa panya wenye kovu jingine la Apc, na vivimbe vikapungua sana, ingawa COX-2 si mwanachama wa kikosi cha ubomoaji.

Jaribio la haraka zaidi ni oganoidi, vishimo vinavyooteshwa kwenye jeli. Vya kawaida hudai protini tatu: EGF, Nogini na R-spondini, na hii ya mwisho huongeza nguvu ya ishara ya Wnt. Vilivyopoteza Apc huishi bila R-spondini, na badala ya kuchipua vishimo hujiviringa kama mapovu. Ondoa R-spondini kwa siku kadhaa na utajua nani ni nani kabla ya PCR.

Tahadhari moja kwa anayechanganya seli nzima na mbovu kwenye utumbo mmoja. Mwaka 2021 makundi mawili yalionyesha kwamba seli zilizopoteza Apc humwaga protini ya Notum, inayozima Wnt kwa majirani. Wenyewe haiwadhuru, simu si shida yao tena, lakini seli shina nzima za pembeni huacha kujigawa na kishimo hutekwa. Lithiamu, inayozuia GSK3, iliwarudishia majirani nguvu na vivimbe vikapungua. Kwa hiyo jeni yako inaweza kuwa inafanya kazi kwenye jirani, si kwenye kivimbe. Weka rangi pande zote mbili za mpaka.

Hatua ya 9: Hesabu panya, kisha andika

Panya mmoja ni namba moja. Vivimbe 40 ndani ya panya mmoja si sampuli 40. Panya watatu kila upande hawatoshi, kwa sababu hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana sana. Anza kwa kukadiria kutoka kwenye hesabu zako za awali, na tumia kipimo cha Wilcoxon cha kupanga kwa nafasi badala ya kudhani idadi zimetawanyika kwa usawa pande zote mbili za wastani.

Usiite ulichokiona saratani ya utumbo mpana. Vivimbe vya Min vingi viko kwenye utumbo mwembamba na ni nadra kupenya ukuta, ilhali vya binadamu viko kwenye utumbo mpana.

Kwenye sehemu ya mbinu taja ukoo kwa jina kamili hadi herufi ya mwisho, kwani C57BL/6J na C57BL/6N si panya wale wale: J amepoteza sehemu ya jeni ya Nnt na N anayo. Taja vizazi vya kurudisha, umri kwa siku, jinsia, chakula, kikomo cha kipenyo, na nani alihesabu bila kujua. Kisha hifadhi kipande cha sikio cha kila panya kwenye friza, chenye namba inayosomeka, kwa ajili ya siku mhakiki atakapouliza kuhusu Mom1.